Kabla ya jiko la umeme, tazameni waya wa jikoni

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sisi ni mafundi umeme wa hapa Kigoma, na maneno haya tunawaandikia wapangaji na wenye nyumba wa Mwanga, Gungu, Katubuka, Ujiji na kwingineko mkoani ambao wameanza kupikia umeme au wako mbioni kuanza.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Lengo hilo hatuna ugomvi nalo. Wasiwasi wetu ni waya. Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa, na nyumba nyingi zilifungwa umeme wakati huo, kwa hesabu ya taa, redio na pasi. Soketi ya jikoni, kama ilikuwepo, ilichukuliwa kutoka soketi ya sebuleni kwa kipande cha waya kilichobaki. Leo soketi hiyohiyo inabebeshwa jiko la sahani mbili, birika na friji, halafu watu wanashangaa ikiyeyuka.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Chukua wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa, gawanya kwa 230, yaani volti za umeme wa nyumbani, unapata ampea. Jiko la sahani mbili la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Birika la wati 2,000 nalo 9. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 linavuta 4.3. Viwashe vyote vitatu saa moja jioni, unazidi ampea 21. Waya wa shaba wa 2.5 (milimita za mraba, ndivyo unene wa waya unavyohesabiwa), ule ambao kwa kawaida hutumika kwenye soketi, ukipita ndani ya bomba ukutani penye ubaridi unaweza kubeba ampea 24 bila shida. Lakini waya huohuo ukipita juu ya dari, chini ya mabati ambako joto mchana hufika nyuzi 50, uwezo wake unashuka hadi kama ampea 17, kwa sababu ganda lake la plastiki halitakiwi kuzidi nyuzi 70 na nusu ya safari hiyo tayari imemalizwa na jua. Na dari nyingi za mji huu ndivyo zilivyo.

Kinachofuata kila mtu anakijua. Breka ya ampea 20, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, inakatika wakati ugali uko jikoni. Inarudishwa, inakatika tena. Anaitwa kishoka, fundi asiye na leseni, anaitoa, anaweka ya 40, anapewa chake. Umeme haukatiki tena na nyumba nzima inamsifu. Kumbe breka iliwekwa kulinda waya, si kulinda jiko, na aliyeibadilisha amekiondoa kitu pekee kilichokuwa kikisema kwamba waya umeelemewa. Mpangilio wa kushika ni huu: waya wa 1.5 wa taa, breka ya 10. Waya wa 2.5, breka ya 20, au 16 kama unapita chini ya bati; waya wa 4, breka ya 25; waya wa 6 unaokwenda moja kwa moja kwenye jiko kubwa la kuoka, breka ya 32. Jiko la namna hiyo liwe na waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi (swichi kuu ya nyumba), lisichanganywe na soketi. Ukiona breka kubwa kuliko hapo kwenye waya mwembamba, irudishwe chini kwanza, mengine yafuate.

Hata hivyo, kwa tunayoyaona tukifungua soketi zilizoungua, waya kuelemewa si mkosaji mkuu. Mkosaji mkuu ni kiungo kilicholegea, na hapa tunaomba wasomaji watulie kidogo. Skrubu ya soketi isipokazwa vizuri, shaba inagusa chuma kwa ncha tu. Sehemu hiyo ndogo inaleta ukinzani, tuseme nusu omu. Jiko la ampea 9 likipitisha umeme hapo, panazaliwa joto la wati 40. Wati 40 ndizo za chuma cha kuchomelea cha fundi redio, kinachoyeyusha risasi kwa sekunde chache, isipokuwa hapa kimefichwa nyuma ya soketi, kando ya plastiki, na kinawaka muda wote unaopika maharage. Breka haioni kitu, kwa kuwa ampea ni 9 tu. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, RCCB, nacho hakioni kitu, kwa kuwa umeme uliokwenda ndio uliorudi. Amebaki mwenye nyumba na macho yake, mkono wake na pua yake.

Pua kwa Kigoma ina mtihani wake. Plastiki ngumu ya soketi na swichi ikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana sana na samaki. Mji wa dagaa na migebuka, nani atashtuka? Basi kanuni iwe hii: harufu ya samaki siku ambayo hakuna samaki ndani, au inayokuja jiko likiwashwa na kuondoka likizimwa, ni harufu ya soketi.

Mpangaji asiye na kifaa chochote anaweza kupima hivi. Pika kama kawaida kwa nusu saa. Zima jiko, zima swichi ya soketi, kisha gusa plagi kwa mgongo wa kidole. Uvuguvugu kidogo si tatizo. Plagi isiyoshikika kwa sekunde tano ni tatizo, na soketi hiyo isitumike tena mpaka ifunguliwe. Angalia kuzunguka matundu: alama ya kahawia, plastiki iliyojikunja, rangi ya ukuta iliyobabuka. Sikiliza kama kuna mlio wa kuchemka au kukwaruza. Tazama taa: zikififia jiko linapowashwa, kuna kiungo kibovu au waya mwembamba mahali fulani kati ya jiko na meni swichi. Taa za nyumba nzima zikicheza pamoja, na za jirani pia, hilo liko kwenye nguzo au kwenye waya unaoingia mita, na hapo ni TANESCO, shirika la umeme, waitwe. Lakiri ya mita ya LUKU haigusiwi na fundi yeyote wa mtaani.

Kuna tabia nyingine inayoharibu soketi nyingi kuliko zote: plagi ya pini mbili za mviringo kusukumwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa kutumbukiza kalamu au mpini wa kijiko kwenye tundu la juu. Pini hizo si za matundu hayo. Zinashika kwa ubavu, cheche zinaruka, springi za ndani zinapanuka, na baadaye hata plagi halali ikichomekwa inalegea. Zaidi ya hapo kifaa kinakosa erthi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Kata plagi hiyo, funga ya pini tatu yenye fyuzi. Kama waya wa kifaa una nyuzi tatu ndani, zote tatu zifungwe. Fyuzi ya 3 inatosha kifaa kisichozidi wati 700. Birika na jiko, 13. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara si fyuzi. Na wanaonunua vifaa vilivyotumika kutoka Japani wasome kibao kwanza: kilichoandikwa volti 100 hakiwezi kuchomekwa kwenye 230 bila kigeuzi.

Soketi dabo nayo inadanganya. Matundu mawili ya 13 hayafanyi 26. Mwili wake umejaribiwa kwa jumla ya ampea 20. Jiko upande mmoja na birika upande wa pili ni mwisho wake. Kuchomeka ekstensheni hapo hakuongezi nguvu, kunaongeza viungo.

Kubadilisha waya ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Lakini mwenye nyumba asimame pembeni aone kazi inavyofanyika, na ajue inavyotakiwa kuwa.

Kwanza umeme unazimwa kwenye meni swichi, si kwenye swichi ya soketi. Breka za nyumba nyingi zinakata waya mmoja tu, na kama mtu aligeuza laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha), soketi iliyozimwa bado ina moto. Meni swichi iliyozimwa ifungwe kwa kufuli au angalau ibandikwe tepu na karatasi yenye maandishi makubwa, maana nyumba za wapangaji sita kila mtu ana haraka ya kurudisha umeme. Wapo wanaosubiri LUKU iishe ndipo wafungue soketi. Huko ni kutafuta kifo: mwenzako anaingiza tokeni akiwa koridoni wakati vidole vyako viko kwenye shaba. Umeme wa TANESCO ukikatika nao si ruhusa ya kufungua chochote. Na kumbuka waya unaoingia kwenye meni swichi kutoka mita unabaki na moto hata ukizima.

Pili, kupima. Tesita ya bisibisi isiaminiwe peke yake. Taa yake huwaka kwa umeme kidogo unaopita mwilini mwako, kwa hiyo ukisimama juu ya ubao mkavu au kwenye kandambili nzito inaweza isiwake ilhali waya una moto. Na mwanga wa dirishani ukiwa mkali hutauona. Multimita iwekwe kwenye volti za AC, ijaribiwe kwanza kwenye soketi yenye umeme, kisha ipime soketi iliyozimwa (laivu na nyutro, laivu na erthi, nyutro na erthi), halafu irudishwe ijaribiwe tena penye umeme ili kuhakikisha haikufa katikati.

Tatu, rangi. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa erthi. Mpya zina kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Nyumba iliyoongezwa vyumba ina zote mbili, na bluu ya zamani kwenye umeme wa njia tatu ilikuwa laivu. Rangi ni dokezo tu, kipimo ndicho kinachosema.

Soketi ikishafunguliwa, shaba iliyokuwa nyeusi ikatwe mpaka ifikie inayong'aa. Ganda la waya likikatika kama biskuti ukilikunja, waya huo umekwisha, na kuukata sentimita tano hakusaidii, ubadilishwe wote. Soketi iliyoungua isirudishwe hata kama bado inafanya kazi, kwa kuwa springi zikishapata joto hazirudi kukaza. Waya uvuliwe kama milimita 10, nyuzi zote zikunjwe ziwe nene, hakuna hata moja iliyokatwa na kisu, ganda lisiingie chini ya skrubu. Kaza, kisha vuta kila waya kwa nguvu. Unaochomoka ulikuwa haujafungwa. Viungo vya juu ya dari viwe kwenye boksi lenye kifuniko na konekta, si kuviringisha na kufunga tepu nyeusi. Gundi ya tepu hukauka kwa joto la bati, tepu inafunguka yenyewe, na panya wanamalizia.

Mahali pia pana neno. Soketi ikae angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki, na isiwe juu ya jiko lolote, la umeme wala la mkaa. Waya uliopita juu ya jiko la mkaa hulainika, shaba inazama ndani ya ganda mpaka inatokeza upande wa pili. Mvuke wa mawese ukichanganyika na vumbi hujenga utando ndani ya soketi, na masika ukipata unyevu umeme unatambaa juu yake polepole hadi unaacha njia nyeusi ya mkaa. Utando huo usifutwe kwa kitambaa chenye maji soketi ikiwa na umeme.

Sasa erthi. Watu wanasema friji "inatekenya" na dawa yao ni kuvaa kandambili. Kutekenya maana yake umeme umefika kwenye bati la friji na unatafuta njia ya kwenda ardhini. Siku sakafu ikilowa, njia ni wewe. Nyumba nyingi hapa zinategemea fimbo yao wenyewe ya erthi. Tuseme fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 100, jambo la kawaida kabisa kiangazi udongo ukikauka. Waya wa moto ukigusa bati, umeme unaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya 20 haitakatika hata ukisubiri wiki. Bati la friji linabaki na moto. Ndiyo maana erthi peke yake haitoshi: lazima pawe na RCCB ya miliampea 30, inayokata ndani ya theluthi moja ya sekunde umeme unapovuja kiasi hicho. Za miliampea 100 au 300 zipo sokoni na zinafanana nayo kwa sura. Hizo hazijatengenezwa kuokoa mtu, soma namba kabla ya kulipa. RCCB ina kitufe cha T. Kibonyeze kila mwezi, isipokata, imekufa. Na isikupe kiburi: ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwake wewe ni jiko tu.

Fimbo iwe ya chuma kilichopakwa shaba, futi nne au zaidi, imezamishwa yote, ifungwe kwa klampu. Kipande cha nondo kinaoza. Bomba la maji la plastiki si erthi. Na kuna ujanja mmoja ambao kwa maoni yetu ni sawa na kutega bomu: kukosa waya wa erthi kisha kuunganisha nyutro na erthi ndani ya soketi kwa kijiwaya kifupi. Siku nyutro ikilegea huko nyuma, mwili wa kila kifaa kilichochomekwa hapo unapata volti 230 bila kitu chochote kukata.

Jiko la nje, lile la kibanda cha bati uani, ndilo linalotutisha zaidi. Linapelekewa umeme kwa twini ya 0.75, waya mwembamba wa njia mbili, iliyopitishwa dirishani. Mita 30 za waya huo zina ukinzani wa kama omu 1.5 kwenda na kurudi. Jiko la ampea 9 linapoteza volti 13 njiani na zaidi ya wati 120 zinaishia kuupasha moto waya, bila erthi yoyote. Ukingo wa bati unakata ganda taratibu kila upepo wa ziwani unapovuma. Likishakatika, bati zima lina moto, na mara nyingi waya wa kuanikia nguo umefungwa kwenye bati hilo. Mama anaanika kanga mbichi. Kamba ya nguo iwe ya nailoni, leo hii, kabla ya yote. Halafu umeme wa kibanda upite kwenye kebo yenye kinga, ya 2.5 au 4, yenye erthi, iliyozikwa nusu mita chini au kutundikwa juu ya kichwa kwa waya wake wa kubebea, na kila inapopita kwenye bati iwekewe mpira wa kuzuia kukatwa.

Wenye jenereta au inveta ya sola: msirudishe umeme ndani ya nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Pini za upande mmoja zinakuwa na moto hewani, na fundi wa TANESCO aliye kwenye nguzo anapigwa na umeme wako. Kazi hiyo ni ya swichi ya kubadilisha njia.

Kuhusu waya wa dukani, kwangua ncha kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ikitokea nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba, inabeba umeme mdogo na inalegea kwenye skrubu upesi. Rudisha.

Soketi au waya ukishika moto, zima meni swichi kama inafikika, usimwage maji, tumia mchanga mkavu au mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, toa watu nje, piga 114. Mtu akinaswa na umeme usimguse. Kata umeme kwanza, ukishindwa msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu.

Kwa wenye nyumba wanaopangisha vyumba sita kwa LUKU moja tunaomba jambo moja. Msikataze majiko ya umeme kwa mdomo huku mkijua yamefichwa uvunguni. Wekeni soketi mbili za jikoni zenye waya na breka yake, na RCCB moja kwenye meni swichi. Gharama hiyo gawaneni na wapangaji kwa maandishi ili isije ikawa kesi ya serikali ya mtaa.

Na kazi ikiisha, kabla hamjamlipa fundi, mwambieni aandike kwenye karatasi namba hizi: omu za fimbo ya erthi, na tarehe, kwa kuwa kipimo cha Agosti, kiangazi, na cha Machi, masika, havilingani, kipimo cha mega (kifaa cha kupima ganda la waya) cha volti 500 kati ya waya na waya na kati ya waya na erthi, kisipungue megaomu 1, muda wa RCCB kukata, na ukubwa wa kila breka pamoja na waya wake. Multimita pekee haiwezi kutoa namba hizo, hata ya erthi, maana inaonyesha volti 230 vizuri tu wakati fimbo imeoza. Fundi asiye na mega wala kipimo cha erthi anaweza kuazima kwa mwenzake. Akisema havihitajiki, mwiteni mwingine.

Mafundi umeme,
Mwanga, Kigoma Ujiji